Presha Imeshuka, Mama Mkubwa

Ruhuwiko,
Songea.
17 Mei 2026

Mpendwa Mama mkubwa Mariana,

Shikamoo. Habari za Tabora, na goti lako linaendeleaje? Baba mkubwa Wilfred bado anakohoa, au ile dawa imemsaidia? Sisi huku wazima. Mahindi yamekauka, tumeanza kuvuna, na baridi imeshaingia; asubuhi hakuna anayetaka kutoka jikoni.

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na hakuna ambaye angesikia kitu.

Mwaka jana nilikuambia nimekutwa na presha ya kupanda. Sikukuambia nilivyoogopa. Mama alianguka akiwa na umri wangu huu, na hakuamka tena. Daktari wa Peramiho alinipa vidonge, akasema vidonge peke yake havitoshi, maana sisi mafundi cherehani tunashinda tumekaa. Nipunguze chumvi, nitembee, na nikiweza nikimbie.

Nikaanza Juni na jirani yangu Zabibu, muuza mchele. Baridi kali, tumevaa sweta na vilemba, umande umelowesha viatu. Watoto wa shule wakituuliza, "Mama, nani anawafukuza?" Mume wangu Dastan naye hakupenda. "Watu watasema nakutesa mpaka unatoroka," alilalamika. Nikafunga kamba za viatu, nikatoka. Oktoba ikaja na joto, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, tukawa tunawahi kabla ya jua. Wakati huo nilikuwa nimeshazoea, nisipokimbia nakosa raha.

Kilichonishinda ni mvua. Desemba njia yetu iligeuka tope jekundu. Unanyanyua mguu, kiatu kinabaki. Nikateleza na kuanguka mbele ya vijana wa bodaboda, wakacheka, nami nikajifungia ndani. Januari nzima sikukimbia. Kichwa kikaanza kuuma tena, na siku moja nikiwa kibandani kwangu Mfaranyaki nashona, macho yakaingia giza. Hata hivyo Zabibu alipokuja kunichukua nilimwambia tungoje mvua iishe.

"Mvua ya Songea inaisha Aprili, mwenzangu," akanijibu. "Presha yako umeshaiambia isubiri mpaka Aprili?"

Nilimkasirikia siku mbili. Kisha nikaenda kumwomba katekista Joachim atufungulie ukumbi wa kigango. Tukawa tunauzunguka kwa ndani, mvua inapiga bati hata hatusikilizani. Ramadhani ilipoanza nilijua Zabibu atapumzika. Wapi! Alikuja kila jioni kabla ya kufuturu, tukatembea polepole, ili tu mimi nisikae. Hebu fikiria, Mama mkubwa: mtu ana njaa na kiu, anazunguka ukumbi kwa ajili ya presha ya mwenzake.

Alhamisi nilirudi Peramiho. Daktari akapima, akaihamishia mashine mkono wa pili. Nikasema moyoni, basi, yamekuwa yale yale. Kumbe alikuwa anahakikisha. "Mama, imeshuka," akasema. "Imekaa vizuri kabisa." Amenipunguzia vidonge, ila nisiviache, na kukimbia ndiyo kabisa nisiache. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikalia, mpaka muuguzi mmoja akaja kunipa pole akidhani nimefiwa. Tangu tumzike mama sijawahi kuvuta pumzi namna ile.

Dastan amenunua raba za mtumba, za saizi yake mwenyewe, amezificha chini ya kitanda. Nimejifanya sijaziona.

Sasa nina ombi. Wewe na mama mlitoka tumbo moja. Kila nikikuuliza unasema huna presha, lakini hujawahi kupima. Mwambie mwanao Lightness akupeleke wiki hii. Kukimbia sikulazimishi; hata kutembea mpaka kanisani na kurudi ni dawa. Majibu yakitoka nipigie, yawe ya namna yoyote. Mama sikuwahi kumwambia haya. Wewe bado ninaye.

Nisalimie sana Baba mkubwa, na Lightness na wanawe. Dastan na Zabibu wanakuamkia. Mungu aendelee kukutunza, akuamshe kila asubuhi ukiwa na nguvu.

Mwanao akupendaye siku zote,
Suzana