Chungu cha Anjelina

Domi, leo Jumamosi tarehe 14 Juni, Pugu kumeamka na manyunyu na baridi. Mwambie mwalimu jioni siji darasani.

Anjelina wa jumuiya yetu ya kanisa anafukuzwa kwake. Kwake, Domi! Kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe.

Asubuhi fundi Fransis alikuwa anamchimbia shimo la choo, sururu ikagonga chungu. Ndani hela za Mjerumani, zile zenye tundu katikati, zimejaa pomoni. Fransis akaruka nje anapiga kelele: "Mama, hili zindiko la mganga!" Majirani wakajaa.

Anjelina, maskini, akataka kuwaonyesha kwamba Mkristo haogopi chungu. Akafanya ishara ya msalaba, akaingiza mkono, akazimwaga hela kwenye kanga yake.

Kwa mkono mtupu, Domi, na hakudhurika! Shemeji yake Augustine akadakia: "Mmeona? Zindiko haliguswi na mtu ila aliyelifukia. Ndilo lililomuua kaka yangu!"

"Shemeji, hela za Mjerumani mie nizifukie lini? Hata bibi yangu alikuwa hajazaliwa!"

Hakuna aliyecheka. Wenzetu wa jumuiya wakarudi nyuma, wanaficha rozari zao. Mjumbe wa nyumba kumi akasema ahame, kwa usalama wake.

Nimesali, Domi, maneno hayaji.

Anjelina akazirudisha hela chunguni, akasimama mbele ya mjumbe na watu wote, akasema kwa sauti: "Kesho nahama. Lakini mume wangu amelala nyuma ya nyumba hii. Kila Jumapili nitakuja kumfagilia kaburi, na nitapita hapa hapa, katikati yenu."