Matundu Mawili Shingoni mwa Gitaa la Babu Yako

Nandagala, Ruangwa
14 Agosti 2024

Mpendwa Rahimu, mjukuu wangu, mume pekee niliyebakiwa naye,

Asalaam aleikum. Kifua chako vipi? Na vumbi la huko Dodoma, najua unakohoa na kusema huumwi. Unakula ugali, au unashindia chipsi? Sisi wazima. Goti langu linauma kwa kukaa, si kwa kutembea.

Anayeandika ni shangazi yako Zulfa. Simu nimeikataa, maana huko unaitikia "sawa bibi" kabla sijamaliza.

Eda yangu imefika siku themanini na moja. Zimebaki arobaini na tisa. Mikorosho imeshika maua, naiona dirishani tu. Nimelima miaka hamsini, leo hata uani nikichungulia naulizwa naenda wapi. Haki ya babu yako naitimiza yote, lakini kuta hizi zimenichosha, sikufichi.

Kile chuma chako cha kubana nyuzi juu ya shingo ya gitaa, ili ukivuta ule mkono wa kutetemesha sauti zisilegee, kilifika na basi. Nikamwita fundi Maximilian kutoka Nachingwea, maana shingo ya gitaa lile aliichonga yeye, ya kwanza ilipopasuka. Akafanya kazi kibarazani, mimi ndani kwenye mkeka, dirisha katikati yetu.

Akasema njia ni mbili. Ama skrubu ziingie kwa juu na kuishia ndani ya mbao, ama shingo itobolewe mpaka upande wa pili, bolti zipite kutoka nyuma. Nikamwambia kwa juu. Huko nyuma ndiko dole gumba la babu yako lilikokaa miaka thelathini, mbao imeng'aa. Pasiguswe.

Akatii. Chuma kikakaa chini mno, nyuzi zikawa zinakwaruza. Akakiinua kwa kipande cha bati la kopo la maziwa. Sauti ikatulia. Akavuta ule mkono wa gitaa mara mbili, skrubu zikatoka na unga wa mbao.

"Mama Abdala," akaniita, "mbao imelika. Hazishiki."

"Umelika wewe. Rudishia!"

"Nikirudishia, chuma kitaruka mbele za watu kimng'oe Rahimu meno. Utamwozesha nani kibogoyo?" Nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha akasema, "Kama hutaki bolti, litundike ukutani, uliangalie."

Nikautazama ukuta. Kofia ya babu yako iko pale, na mimi niko chini yake. Nikamwambia anipitishie gitaa dirishani. Nikaweka dole gumba langu pale panapong'aa, nikakaa nalo mpaka Maximilian akaanza kukohoa. Nikamrudishia. Nikasema, toboa.

Dreli niliisikia yote. Nililia, wala sikuziba masikio.

Vichwa vya bolti vipo nyuma, karibu na juu. Kidole kitavigusa. Kisisumbuke, kivizoee, na ukipita hapo umrehemu babu yako.

Msalimie Doreen wako. Mwambie aje, sing'ati. Msalimie na baba yako mdogo Sadiki. Mungu akulinde na njia, na husuda, na njaa ya kujitakia.

Gitaa lipo kwenye boksi hili pamoja na barua. Usilifiche kwa sababu ya msiba. Mwenye eda ni mimi. Lenyewe halina eda, lipige kelele.

Nikupendaye hata nikikufokea,
Bibi yako Mwamini