Chachu Mbili mu Kibuyu Kimoja

Ngoie, mujukuu wangu wa mbali,

Jambo yako huko. Hapa Manika tuko. Kaka yako alipata kazi Fungurume, nyumba ikabaki na mi na kuku. Bukari ya unga napika kidogo mpaka sufuria inanishangaa.

Uliandika kama mu labo munachunguza kirusi kinachokaa mu chachu bila kuiumiza, lakini chachu ile inaua zingine. Ukauliza: «Kambo, ulishaonaka ile?»

Niliona, bila kujua. Mama yangu alipokufa Lubudi, nilibeba chachu iliyobaki mu kibuyu chake cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Sisi hatuoshake kibuyu. Munkoyo wa jana njo unachachusha wa leo. Nikaimimina mu kibuyu cha mama mukwe, ili bamama babili bakae pamoja. Mara ya kwanza nilionja mama. Mara ya tatu, mama mukwe peke yake.

«Umemufukuza mama yangu!» nikamwambia.

«Mutoto, mi sikugusa kitu.»

Sikumwamini mpaka tulimuzika. Leo barua yako imenionyesha kama alisema kweli, chachu yake njo iliua ya mama, na mi sina tena mutu wa kuomba musamaha.

Kibuyu kiko, sijakiosha. Lakini munkoyo wa mutu mumoja unaharibika mbele ya kuisha.

Ulisema kirusi chako hakipitake inje, chachu mama inakipatia binti yake, basi. Na hii chachu iko vile. Kuya hapa Manika, nikupatie kwa mukono.

Kambo wako