Mkono Wetu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuliwa bure. Mimi ni fundi cherehani, mjane, niliteleza bafuni nikavunjika mkono wa kulia, na baada ya kutolewa plasta nikapelekwa kwa daktari wa mazoezi ili vidole virudi kazini, na huyo daktari, siku ya kwanza tu, aliulaza mkono wangu kwenye mto akauliza, "Haya mama, mkono wetu unaendeleaje?" Wetu! Tangu nimzike mume wangu kila kitu ni changu peke yangu, kikohozi changu, chai yangu ya kikombe kimoja, halafu anatokea mtu anasema wetu. Basi Alhamisi, siku ya mazoezi, ikawa sikukuu yangu, nachagua gauni, napaka mafuta mpaka kwenye kiwiko, naye ananikunja kidole kimoja kimoja huku akiniuliza nimelalaje, na jibu analisubiri. Tatizo ni kwamba nimepona. Nyumbani nakata vitambaa vizito kwa mkasi, lakini kwake nikiambiwa nifinye mpira, naudondosha makusudi. Wifi yangu, dada wa marehemu, alinikuta natunga uzi kwenye sindano akasema, "Kumbe! Wewe mgonjwa wa Alhamisi tu? Una nini siku hizi?" nikacheka nikabadilisha mazungumzo. Sasa juzi daktari aliuokota mpira, uso umemshuka, akasema, "Mama, nimeshindwa. Nakupeleka kwa wapasuaji." Tarehe imepangwa. Nikisema kweli nitamkosa, nikinyamaza nitachanwa mkono mzima, na mkono ndio unaonilisha. Sitaki hata anioe, mshauri. Nataka tu kuulizwa. Nifanyeje?

Fundi wa Alhamisi

Fundi, pole, tena pole ya kweli, maana chai ya kikombe kimoja naijua. Lakini umeniudhi. Kijana wa watu anarudi nyumbani akiamini kazi imemshinda, kumbe wewe ndiye unayeangusha mpira! Na kuna mwenzako nje kwenye benchi ambaye vidole vyake kweli havifungi.

Hilo neno lako "wetu," anayeingia baada yako anaulizwa "goti letu." Daktari wa meno akikuambia "jino letu," utampenda na huyo? Sisemi alikudanganya. Alitaka kujua umelalaje, na ndiyo maana umepona. Lakini anayekushika mkono kwa sababu unaumwa haruhusiwi kuushika kwa sababu nyingine, na ukimng'ang'ania utamharibia kazi.

Usisubiri Alhamisi. Nenda kesho, bila lile gauni. Finya mpira mbele yake, mwambie ulikuwa unauangusha na kwa nini, mshukuru, tarehe ifutwe. Atakasirika. Mwache akasirike.

Ukitoka hapo, pitia kwa wifi yako. Unataka kuulizwa, na yeye alikuuliza, ukamcheka. Siku uliyozika mume, mwenzio alizika kaka. Mkaribishe kwako, toa kikombe cha pili, umwambie, "Wifi, nimemkumbuka marehemu wetu." Chai itapoa hamjamaliza mazungumzo.