Nilichokiona kwenye mizinga ya Papa Silasi

Jumapili. Mvua ya asubuhi imeacha baridi, na mimi nimeketi hapa na viatu vya matope, sijavivua.

Nimeshtuka. Sina neno jingine.

Daktari aliniambia kukaa dukani kutwa kutaniharibia mgongo, nitembee. Basi leo nikafunga mapema, nikapanda pikipiki kutoka Kamembe hadi Nzahaha, na saa tisa na nusu nikaingia kwenye msitu wa hifadhi. Njia inateleza, majani yananidondoshea maji shingoni, kima wananipigia kelele huko juu kama nimewaingilia chumbani. Nilifurahi, kusema kweli. Halafu nikakumbuka kwamba njia ile inatokea kwa Papa Silasi, mzee anayeniletea asali ninayouza. Mizinga yake iko nje kidogo ya mpaka wa msitu. Nikasema nimpitie nimsalimie, maana miaka yote hii yeye ndiye anayekuja mjini, mimi sijawahi kukanyaga kwake.

Nilimkuta ameinama, anamimina maji ya kidumu kwenye sahani za plastiki chini ya mizinga. Nyuki wamejaa pembezoni. Nikadhani anawanywesha tu. Kisha nikauona mfuko wa sukari, mkubwa ule wa dukani, umefunguliwa, na mwiko umechomekwa ndani.

Hakuficha chochote. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Karibu Maman Hadija! Leo njo mara ya kwanza umefika kwetu!"

Nikamuuliza anafanya nini.

"Ni sukari, Maman. Nyuki zinakula, zinafanya asali mbio-mbio."

Huu ni mwaka wa tatu, akasema. Nikapandisha sauti, nikamwita mwongo, mzee wa watu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilizani unajua. Zamani ulikuwa unaniomba ndoo moja, sasa unaomba tano. Nyuki ziko zile zile, Maman."

Hata nilivyofika barabarani sikumbuki.

Wateja huniuliza: ni ya msituni kweli? Na mimi, mwanamke wa Kiislamu, naweka mkono kifuani nasema wallahi, haina sukari. Nimeapa mbele ya mama aliyekuja kumtafutia mumewe dawa ya kikohozi. Nimeapa Ramadhani, nikiwa na saumu. Miaka mitatu.

Niandike na hili, maana hapa sina wa kumficha. Asali ya zamani ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni, inakwaruza koo. Hii haina. Ndoo ya kwanza niliionja, nikasimama na kijiko mdomoni, nikajua kuna kitu, nikanyamaza.

Tangu siku ile naapa hata kwa asiyeuliza.

Kesho asubuhi atakuja Maman Aziza, jirani yangu, kuchukua chupa ya binti yake aliyejifungua. Yeye siku hizi haulizi kitu, ananiamini tu. Nimeamua nitamwambia kabla hajafungua pochi, kisha nitawaambia wengine mmoja mmoja, na wanaotaka kuondoka waondoke. Naogopa sana.

Nimejaribu kuisema kwa sauti sentensi nitakayomwambia, hapa chumbani, mara tatu. Kila mara naianza na wallahi.