Tumbaku ya Mzee Masanja

Alhamisi, Agosti 1974

Damu haikutoka. Hilo ndilo linalonitisha.

Mzee Masanja wa Didia alikuja leo kukwanguliwa ugaga wa meno. Anavuta tumbaku ya kusokota kwenye karatasi tangu ujana wake. Fizi zake zimepauka, hazitoi damu hata tone, na bado kipimo, kile kijiti chembamba cha chuma, kilizama kati ya fizi na jino hadi karibu na ncha ya mzizi. Meno mawili yanacheza. Nikamwambia ni tumbaku, inakula ndani huku nje pametulia.

Nikiwa bado nasema hivyo, nikajifikiria mwenyewe. Miaka yote nimejifariji kwamba fizi zangu hazitoi damu.

"Wewe uliacha lini, Daktari?" akaniuliza.

"Zamani," nikasema. Pakiti ilikuwa mfukoni mwa koti.

Alipotoka nilifunga mlango, nikachukua kioo na kipimo. Kilizama. Jino la mbele la chini linasogea nikiligusa kwa ulimi, na sasa siwezi kuacha kuligusa. Mke wangu ameuliza mbona sikula nyama. Nimemwambia tumbo.

Nani atanitibu? Mwenzangu wa kliniki ndiye ninayevuta naye nyuma ya jengo kila siku saa nne. Nikimwambia, itabidi na yeye ajipime...

Mzee aliniamini. Aliacha mfuko wake wa tumbaku mezani, akasema, "Nitupie, mwanangu. Nikirudi nao nyumbani nitavuta."

Sijautupa. Sigara zangu zimeisha tangu jioni. Kona ya ukurasa huu nimeshaichana, nisokotee tumbaku yake.