Nyumba Karibu na Shule Yetu

Jumatatu, 12 Januari 2026

Nimekuta bango limefungwa kwenye ua wa shule. Waya mpya, herufi nyekundu. Nyumba za kuuza, dakika tatu kwa miguu hadi shule iliyoongoza. Iliyoongoza – ni sisi. Miaka minane nafundisha hesabu hapa Gatongora, minne ya kwanza tukiwa mkiani, na hakuna aliyehamia hapa kwa ajili yetu. Sasa matokeo ya Gredi ya Tisa yametoka na watu wa magari wanasimama langoni kuulizia ploti. Hawaulizi vitabu. Hawaulizi choo cha wasichana ambacho mlango wake ni gunia.

Jumatano, 14 Januari

Wangeci amekuja na soda. Tangu babake, Mzee Njau, afariki, yeye ndiye mwenye hii nyumba tunayokodi. Hajawahi kutuletea soda.

Anauza. Mwaka jana hakupata wa kutoa hata milioni nne. Sasa watu watatu wanapigania saba. Sisi tutoke mwisho wa Februari.

Nikamuuliza saba ya nini, na paa linavuja. Akasema hakuna anayenunua paa, wananunua shule. Halafu, kwa upole kabisa: "Kusema ukweli Mwalimu, nyinyi ndio mmetupandishia bei. Asante sana." Akanishika mkono. Alipoondoka niliuosha kwa sabuni.

Ijumaa, 16 Januari

Madarasa yamejaa. Mwalimu mkuu ametangaza kwamba mtoto mpya lazima awe anaishi karibu, mzazi alete karatasi ya kukodi nyumba. Nilidhani ni jambo jema. Mjinga mimi.

Jioni Gachau, ajenti anayemuuzia Wangeci nyumba, alinisimamisha dukani. Ana vyumba vya bei rahisi nyuma ya soko. Watu wa mbali, wa Kahawa Wendani na kwingine, wanalipa, wanapewa karatasi, wanafunga kufuli, wanarudi kwao. Hakuna anayelala humo. Alinieleza hivi bila kunong'ona, akila njugu.

"Madam, nina majina matatu tu. Wewe uyapitishe kwa mkuu. Mimi nitaongea na Wangeci, anayenunua awaache mkae mwaka mzima."

Nikamwambia mume wangu, Nicanor. Alikuwa ametoka zamu kiwandani Thika, hajavua viatu. Alivua kimoja. Kisha: "Mama Sifuna, ni majina matatu tu."

Nilimchukia kwa dakika kama kumi. Halafu nikajichukia mwenyewe, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza kufikiria tutawabana wapi darasani.

Jumatatu, 19 Januari

Mwende amechelewa tena. Ndiye mwanafunzi wangu bora katika hesabu, Gredi ya Nane. Mamake, Wavinya, alikuwa akipika githeri kando ya lango mpaka kodi ilipomshinda mwezi wa Desemba. Sasa wako Gatuanyaga. Mtoto anaamka saa kumi alfajiri. Amefika na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mwalimu mkuu akasema haishi tena karibu, sheria ni sheria hata kwa wa zamani, atafutiwe shule huko huko. Akanipa rejista nimfute.

Nimemfuta. Kwa kalamu yangu, kwa rula, mstari ulionyooka. Mwende alikuwa amesimama pale pale. Akaniuliza kama anaweza kumaliza zoezi kwanza. Nikamwambia amalize. Alipata yote.

Sijala kitu tangu mchana.

Jumatano, 21 Januari

Baada ya masomo nilienda nyuma ya soko. Vyumba kumi na kimoja, kufuli kumi na moja. Waceke, anayefua nguo hapo, anasema hajaona hata godoro likiingia. Nikaandika nambari za vyumba, nikalinganisha na fomu za watoto wapya. Zote zimo.

Nikampelekea mwalimu mkuu. Alisoma hadi mwisho. Akasema wazazi hawa wameahidi kutujengea bwalo, nisituharibie. Akatia karatasi kwenye droo. Nikamuuliza, na Mwende? Akanijibu nisichanganye mambo.

Nikaomba fomu ya uhamisho. Kwenye shule ninayotaka nimeandika ile ya Gatuanyaga. Nicanor ameiona mezani. Akapigia watu simu kuulizia kodi za huko.

Jumamosi, 24 Januari

Mke wa anayenunua amekuja kupima madirisha. Hata salamu ilikuwa ya haraka. Alipanda kwenye kiti changu na viatu, akipima, akiongea – wanalipa saba na nusu, watoto wawili, wanataka kuingia upesi. Nje mumewe yuko na Wangeci na Gachau, karatasi juu ya boneti.

Akaniuliza: "Kuna mwalimu wa hesabu anasifiwa sana. Ndiye ametuleta huku. Unamjua?"

Nicanor akanitazama.

Nikasema namjua. Anahama.

Akashuka kitini. "Anaenda shule gani?" Kabla sijajibu alikuwa dirishani, akimwambia mumewe asitie sahihi kwanza. Wangeci akaingia mbio. Gachau nyuma yake. Gachau akamwambia yule mama kwamba mwalimu mwenyewe ni mimi.

Nimesema naenda kuzima jiko. Naandika nimesimama, daftari juu ya debe la unga. Wote wako sebuleni, wanangoja niseme ni wapi. Yule mama ameshatoa simu, nadhani ili atafute ploti huko nitakakotaja.